Mnunuzi wa Jeshi na Kahawa ya Butura: Uhakiki wa Hesabu ya Gharama na Faida za Elimu

Katika mijadala juu ya matumizi ya fedha za umma kuna hoja moja ambayo hurudi mara kwa mara, na kila irudipo huwa imevaa nguo mpya. Hoja yenyewe ni hii: nchi maskini haina sababu ya kutumia fedha nyingi kuwasomesha maofisa wa jeshi wanaoshughulikia manunuzi. Askari, tunaambiwa, anahitaji shabaha, nidhamu na moyo; kununua ni kazi ya karani. Ukimpeleka ofisa chuoni kwa miaka miwili au mitatu unalipa karo, unalipa mshahara wa mtu asiyekuwapo kazini, na mwishowe huenda akaacha jeshi akaajiriwa na kampuni inayoliuzia jeshi hilo hilo. Basi gharama ni ya hakika na faida ni ya kubahatisha.

Hoja hii hatuipuuzi. Ina chembe ya ukweli, na hoja yenye chembe ya ukweli ni ya hatari kuliko uongo mtupu. Katika uhakiki huu tunakusudia kuonyesha kwamba hesabu hiyo imeandikwa upande mmoja tu wa daftari. Kwamba wale wanaoijibu kwa kudai vyeti zaidi nao wamepotoka. Na kwamba swali la kweli ni elimu gani, kwa manufaa ya nani. Mifano yetu tutaitoa hasa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja ya Karagwe mpaka zilipogawanywa mwaka 2012. Huko hakuna kiwanda cha silaha. Lakini huko mpaka, kumbukumbu ya vita na soko la mazao vimekaa pamoja, na mkulima wa huko anaijua hasara ya kufanya biashara bila maarifa kuliko wataalamu wengi wa mjini.

KAZI YA MNUNUZI

Kwanza tufahamiane juu ya kazi yenyewe. Mtu asiyejua hudhani kwamba kununua ni kuulizia bei na kulipa. Mnunuzi wa jeshi huanza kazi yake kabla ya bei haijatajwa. Lazima aulize: kitu gani kinahitajika, na kwa kazi gani? Lori litapita barabara ya lami au litapanda milima ya Karagwe wakati wa masika? Kisha huandika sifa za kitu hicho kwa namna ambayo muuzaji mjanja hawezi kuipinda. Hupima zabuni. Husoma mkataba mpaka herufi ya mwisho. Hupokea mzigo na kuukagua, tena huwa na ujasiri wa kuukataa ukiwa mbovu. Huhakikisha kwamba umeingia bohari, umeandikwa katika leja, na unatolewa kwa stakabadhi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo gumu kuliko yote ni kwamba bei ya kitu sio gharama yake. Lori la bei nafuu ambalo vipuri vyake havipatikani nchini ni lori la ghali. Mzinga usio na risasi za kutosha, wala fundi wa kuutengeneza, ni pambo. Mnunuzi aliyesoma hujumlisha mafuta, vipuri, mafunzo, ghala na miaka ya matumizi, ndipo aseme kipi ni nafuu. Asiyesoma huona tarakimu iliyoandikwa juu ya karatasi, na muuzaji anajua hivyo.

FUNDISHO LA MWAKA 1978

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu na kuteka eneo lililo kaskazini ya mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Yaliua, yalipora ng'ombe na mali, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Kyaka ndipo barabara itokayo Bukoba inapogawanyika, moja ikielekea Mutukula na nyingine ikipanda kwenda Karagwe. Upande wa magharibi, huko Murongo ambako leo ni Kyerwa, mto ndio mpaka wenyewe, na ng'ambo yake ni Kikagati ya Uganda. Wananchi wa pande hizo hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba ulinzi ni kitu gani.

Historia ya vita hiyo husimuliwa zaidi kwa majina ya makamanda na ya miji iliyokombolewa: Masaka na Mbarara mwezi Februari 1979, Kampala mwezi Aprili. Ni haki isimuliwe hivyo. Lakini mwanafunzi wa siasa hana budi kuuliza pia: nani aliyewalisha askari hao? Jeshi lilipanuliwa haraka kwa kuingiza wanamgambo maelfu kwa maelfu. Malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda vitani. Wakulima nchi nzima walitoa ng'ombe, nafaka na fedha. Hata kuvuka tena mto Kagera mwezi Novemba kulihitaji daraja la muda, na daraja la muda ni kitu kinachotakiwa kiwe kimenunuliwa na kutunzwa kabla adui hajafika. Litabeba tani ngapi? Linafungwa kwa saa ngapi? Maswali haya hufundishwa darasani, lakini mtihani wake hufanyika ukingoni mwa mto.

Vita ilipokwisha, makadirio yanayotajwa mara nyingi ya gharama yake yalikuwa dola za Marekani milioni 500, na wananchi wakaombwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda huo, kama tujuavyo, ulifungwa kwa muda mrefu zaidi. Ng'ombe wa mkulima aliyechinjiwa jeshi hakuingia katika safu ya gharama ya mhasibu yeyote, kwa kuwa alitolewa bure. Lakini alikuwa gharama. Kwa hiyo, tunapoambiwa kwamba elimu ya mnunuzi ni ghali, hatuna budi kuuliza: ghali kuliko nini? Pale ambapo bohari haina kitu kwa sababu mnunuzi hakujua, pengo hilo hujazwa na umma, na umma hautoi hati ya madai.

BUTURA

Tuje sasa kwenye soko. Katika mkoa wa Kagera, na Karagwe na Kyerwa zikiwamo, kuna biashara iitwayo butura. Mkulima ana shida: ada ya shule, ugonjwa, msiba. Kahawa yake bado ni maua. Mchuuzi humjia na fedha mkononi, na kahawa inanunuliwa ikiwa juu ya mti. Msimu ukifika mchuuzi huchuma au huletewa maganda, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya sokoni. Serikali na vyama vya ushirika vimeipiga vita butura kwa miaka mingi, nayo haijafa.

Kwa nini mkulima hupunjwa? Si kwa sababu ni mjinga. Hupunjwa kwa sababu ya mambo mawili yanayokutana: ana haraka, na mwenzake ana habari. Mchuuzi anajua bei ya Bukoba, anajua bei ya ng'ambo ya mto, anajua msimu utakuwaje. Mkulima anajua shida yake tu. Mahali popote ambapo mmoja ana haraka na mwingine ana habari, biashara huwa ni unyonyaji hata kama pande zote mbili zimetia sahihi kwa hiari.

Sasa tuibadili picha. Nchi maskini inapokwenda kununua silaha kwa mataifa makubwa, nayo iko katika hali ya butura. Ina haraka, kwa kuwa adui yuko mpakani au inadhaniwa yuko. Muuzaji ana habari zote: anajua gharama ya kiwanda chake, anajua wengine walilipa kiasi gani, anajua kwamba mwakani atatoa toleo jipya na hili litakuwa limechakaa. Anajua pia kwamba akishauza chombo kimoja, vipuri vitanunuliwa kwake kwa miaka 20. Taifa linalopeleka mnunuzi asiyesoma kwenye meza hiyo linauza kahawa ikiwa bado maua. Na kwa kuwa manunuzi mengine ya jeshi hufanywa kwa siri, macho yanayotazama ni machache. Pale ambapo macho ni machache, kila jicho lazima liwe limesomeshwa.

Jirani yetu wa ng'ambo ya mto alilipata somo hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Uganda ilinunua helikopta za vita aina ya Mi-24 kutoka Belarus. Zilipofika zikaonekana hazifai kuruka, na ikabidi iundwe tume ya uchunguzi chini ya Jaji Julia Sebutinde. Helikopta haina siri kwa fundi anayeijua. Ingekaguliwa na mtu mwenye ujuzi na mamlaka ya kusema hapana, kabla ya kulipiwa na sio baada yake, tume isingehitajika.

RADA NA VITABU

Na sisi wenyewe lazima tujikosoe. Mwaka 2001 yalizuka mabishano makali juu ya rada iliyonunuliwa na nchi yetu kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Ilielezwa kuwa ya kuongoza ndege za kiraia, lakini ilikuwa pia na sifa za kijeshi. Wataalamu wa usafiri wa anga walioombwa maoni na Benki ya Dunia walisema ni ya ghali na haifai vizuri kwa kazi ya kiraia. Ikanunuliwa. Mwezi Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark mjini London, kampuni hiyo ilikiri kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo ya dola zipatazo milioni 12 kwa mtu wa kati. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na ikatakiwa kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Fedha hizo zilikuja mwaka 2012, zikanunuliwa vitabu na madawati ya shule za msingi.

Tuutafakari mwisho wa kisa hiki. Fedha zilizopotea katika ununuzi mmoja zilirudi nchini katika sura ya elimu. Mtoto wa shule ya msingi alipata kitabu kwa sababu ya kesi iliyofanyika katika nchi ya kigeni, miaka mingi baadaye. Je, hatukuwa na njia fupi zaidi? Asilimia 1 ya pauni milioni 28 ni pauni 280,000. Mnunuzi mmoja hodari anayepunguza bei ya mkataba kama huo kwa asilimia 1 tu amekwisha kurudisha karo yake na ya wenzake wengi. Na huyo anayeuzuia mkataba mbovu usitiwe sahihi kabisa, faida yake haina pa kuandikwa, kwa kuwa hasara aliyoizuia haikuonekana. Hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa hesabu tunayoihakiki: gharama ya elimu huonekana kila mwaka katika bajeti, na faida yake kubwa ni mambo ambayo hayakutokea.

KOSA LA WAABUDU VYETI

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Wapo wanaosema: basi, tuwapeleke maofisa wote vyuoni, kila mmoja apate cheti, na mambo yatanyooka. Kisa cha rada kinawakanusha. Waliohusika na ununuzi ule hawakuwa watu wasiojua kusoma. Ushauri wa kitaalamu ulikuwapo mezani. Kilichokosekana si maarifa. Kilichokosekana ni nguvu ya maarifa mbele ya masilahi. Elimu bila uadilifu humfanya mwizi awe hodari zaidi, kwani anajua leja inasomwaje na kwa hiyo anajua namna ya kuificha.

Ndiyo maana Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi pamoja na sera ya uchumi. Lilitambua kwamba mtu hawezi kukaa pande zote mbili za meza, akawa mtumishi wa umma asubuhi na wakala wa muuzaji jioni. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991, na kila mmoja wetu ajiulize kwa dhati kama jambo lililoyafanya yawepo lilikwisha pia.

Vile vile kuna suala la mamlaka. Ofisa wa chini anaweza kuwa na elimu nzuri na moyo safi, akaandika kwamba kitu hiki hakifai. Mkubwa akimjibu kwamba uamuzi umekwisha pitishwa, elimu yake imepata wapi kazi? Kumsomesha mnunuzi na kuwaacha wanaomwamuru bila elimu hiyo ni sawa na kumfundisha karani wa ushirika kusoma mizani huku mwingine ameshikilia sahani.

ELIMU GANI?

Turudi basi kwenye chembe ya ukweli tuliyoitaja mwanzoni. Ni kweli kwamba ofisa aliyesomeshwa kwa fedha za umma anaweza kuhamia kwa muuzaji. Dawa yake si kufunga darasa. Daktari naye anaweza kuhama, na hatujafunga vyuo vya udaktari. Dawa ni mkataba wa utumishi kwa miaka inayojulikana, marufuku ya kuajiriwa na wauzaji wa jeshi kwa muda baada ya kuacha kazi, na mshahara usiomfanya ofisa awe na haraka ya mkulima wa butura. Mnunuzi mwenye njaa, hata akiwa msomi, ni maua juu ya mti.

Pia si lazima elimu yote iwe ya mbali na ya gharama. Nchi inayo vyombo vyake: Chuo cha Elimu ya Biashara kilichoanza mwaka 1965, Mzumbe, vyuo vya uhasibu, na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Wachache wapelekwe nje kwa ujuzi maalumu ambao haupatikani hapa. Wengi wasomee hapa. Na wasisomeshwe maofisa wa vyeo vya juu peke yao. Askari wa bohari anayepokea magunia ndiye anayejua kwanza kama gunia limepungua.

Zaidi ya yote, elimu hiyo iguse ardhi. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikataa kumtenga msomi na kazi ya umma, na hapa tunaona sababu yake. Sehemu kubwa ya anachonunua jeshi haina siri yoyote: ni unga, maharage, viatu, mbao, mafuta. Mwanafunzi wa manunuzi ya jeshi akae msimu mmoja Karagwe au Kyerwa, katika chama cha msingi, aone maharage yanavyopimwa na kahawa ya maganda inavyopangwa madaraja. Aone mnada wa hadhara unavyoifichua bei ambayo mchuuzi wa butura alikuwa akiificha. Mambo atakayojifunza hapo kuhusu mizani, unyevu wa nafaka, malipo na maneno ya muuzaji ndiyo yale yale atakayoyakuta kwenye meza ya mabilioni.

Atajifunza na jambo jingine. Mnunuzi wa umma anayechukua mazao na kuchelewa kulipa ndiye anayemsukuma mkulima kwenye butura. Mkulima aliyengoja malipo kwa miezi mingi msimu huu, msimu ujao atauza maua. Kinyume chake, mnunuzi anayejua kazi yake anaweza kununua chakula cha kambi moja kwa moja kutoka vyama vya wakulima walio karibu, kwa bei ya haki na kwa malipo ya wakati. Hapo safari ya mzigo inafupika, mtu wa kati anakosa nafasi, na mwananchi wa mpakani analiona jeshi kuwa mteja mwaminifu na sio mzigo. Mwongozo wa mwaka 1971, uliotolewa mara baada ya Amin kutwaa madaraka Uganda, ulisisitiza kwamba ulinzi wa nchi ni wa umma wote. Umma unaopunjwa na bohari ya jeshi lake hauwezi kuona kwamba jeshi hilo ni lake.

HITIMISHO

Uhakiki wetu basi unafikia hapa. Hesabu inayosema elimu ya maofisa manunuzi ni hasara inahesabu karo na kuacha mikataba mibovu, inahesabu mshahara wa mwanafunzi na kuacha ng'ombe wa mkulima. Hesabu ya waabudu vyeti nayo inahesabu wahitimu na kuacha masilahi. Zote mbili zimesahau mtu anayelipa.

Kada anayeendesha mjadala katika tawi lake na mwanafunzi anayeandika insha yake waulize maswali matatu kila wanapoelezwa gharama ya jambo lolote la ulinzi: Nani analipa likifanyika? Nani analipa lisipofanyika? Na je, huyo wa pili alikuwapo wakati wa kupiga hesabu? Mkulima wa Murongo hakuwapo. Wala hawakuwapo askari waliolala katika makaburi ya mashujaa huko Kaboya, wilayani Muleba, ambao walikwenda vitani na vile walivyopewa, vyema au vibaya, bila nafasi ya kuchagua. Kwa ajili yao, mtu anayechagua kwa niaba ya wengine sharti awe amefundishwa, na sharti aangaliwe.